Mbwa wa Mahameni

Operesheni ya vijiji ilipowahamisha watu kutoka makwao, nje ya Bunda, lori lilibeba vitanda, kuku na mitungi. Mbwa hakuna aliyewapangia nafasi. Wa mtu mmoja aitwaye Keraryo alibaki mahameni, penye nyumba zilizobomolewa, na Keraryo mwenyewe akaenda zake Musoma.

Nyangi, mama aliyekuwa jirani yake, alimkuta mbwa huyo siku aliporudi kuchimba mihogo yake. Mifupa mitupu, kajikunyata chini ya kihenge kilichoanguka, anatetemeka mwili mzima. Nyangi hakuwa mtu wa mbwa hata kidogo; maisha yake yote aliwafukuza kwa mwiko. Lakini huruma ilimwingia, akamwachia kiporo cha ugali. Tangu hapo akawa na safari zake, na majirani wakapata la kusema.

Ndipo Enoka, balozi wa nyumba kumi, alipotangaza kwamba kichaa cha mbwa kimeingia. Kesho bwana nyama, afisa wa wanyamapori, anakuja na bunduki. Atapona tu mbwa aliye kijijini, kwa mwenye kumfuga.

Asubuhi Nyangi alikwenda mahameni na kamba. Mbwa kuiona tu, akapotelea kichakani. Kumbe kamba anaijua, na mkono unaoishika anaujua pia. Nyangi akaitupa mbali, akaketi, akampa mgongo, akaanza kumenya mihogo. Alikasirika, akaogopa, mwishowe akawa anapiga soga peke yake, habari za nyumba mpya na jirani anayekoroma. Pua ya baridi ikamgusa kiwiko. Machozi yalimtoka, asithubutu kuyafuta.

Akajitwika kikapu, akashika njia bila kugeuka. Nyuma yake alisikia kucha zikikwaruza changarawe.

Penye nyumba ya kwanza ya kijiji walisimama Enoka na bwana nyama. Mbwa akaganda njiani.

"Mama, toka hapo," Enoka alisema. "Huyo anaumaga. Na hajaingia kijijini."

Nyangi aliketi katikati ya barabara, mbele ya mbwa. "Hata mimi sijaingia."

"Unataka kurudi mahameni? Sheria huijui?"

"Naijua, balozi. Siku mliponishusha kwenye lori nilikuwa natetemeka hivihivi. Mlinisubiri nikazoea. Na huyu mumsubiri."

Bwana nyama alitoa risasi kwenye bunduki, akaziweka mfukoni, akatafuta jiwe la kukalia. Balozi naye akachuchumaa, shingo upande. Wakakaa hapo juani, watu wazima watatu, wakimsubiri mbwa azoee.