Kundi la Juu

Majid wa Mchinga hakukosea kuchagua nazi hata siku moja, na balaa lote lilianzia hapo. Nazi aliitikisa karibu na sikio, akaigonga kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akakwambia hii ina tui la kutosha, ile imeanza kuoza. Wanunuzi wa Lindi walichukua alichowachagulia bila kuuliza mara mbili. Mtu wa namna hiyo ukimzoesha kusikilizwa kwenye nazi, baada ya muda anajiona hodari wa kuchagua kila kitu: mchumba, bati, dawa ya kikohozi, hata tuisheni ya hesabu.

Tuisheni yenyewe ilikuwa ya mpwa wake, Hafsa, aliyekuwa Kidato cha Tatu na akikaa na mama yake, Mwanasha, mtaa wa Rasbura mjini Lindi. Baba yake alikwenda Tunduru kutafuta maisha, akaoa huko huko. Lakini hata kama baba angekuwepo, kwa watu wa kwao mtoto wa dada ni wa mjomba, na mjomba anayejiheshimu hakai pembeni mpwa wake akisumbuliwa na masomo. Majid mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Alimpenda Hafsa kama alivyofanya mambo yake yote, yaani kwa sauti kubwa.

Basi ripoti ya shule ilipokuja na F ya hesabu, Mwanasha alimpigia kaka yake simu, na kaka mtu akafika na kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Akamshika Hafsa mkono hadi kwa Mwalimu Rosemary, binti wa Kimakonde kutoka Newala, mwenye shahada yake ya ualimu, aliyekuwa akifundisha tuisheni kwenye banda la uani huku akisubiri ajira. Siku hiyo wazazi wengine walikuwepo wanasubiri, na miongoni mwao Damiani, mtu wa Mchinga aliyehamia mjini, ambaye mwanawe alikuwa kundi la juu na hakuacha kulitaja.

"Shikamoo, mzee," alisema Rosemary.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuletea mtoto."

Rosemary akamweleza utaratibu. Alikuwa na makundi matatu: la misingi, la kati na la juu. Hakuyagawa kwa vidato. Kila mgeni alipewa kwanza jaribio fupi, maswali machache tu, ili ijulikane aanzie wapi.

Majid akamtupia Damiani jicho. Hapo mtu mwenye akili angenyamaza, maana F ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa. Lakini ni nani anayekubali mpwa wake akapimwe mbele za watu, na huyo Damiani ametega masikio?

"Jaribio la nini, mwalimu?" alisema, na sauti yake ikafika hadi barabarani. "Huyu ni kichwa! Hesabu anazijua. Tatizo shuleni kwao walimu hawatoshi. Muweke kundi la juu, utakuja kunishukuru."

Rosemary alimtazama Hafsa. Hafsa alitazama chini. Mwalimu alikuwa binti mdogo, na mzee alishasema. Akamwandika kundi la juu.

Muhula mzima Majid aliishi kwa raha. Pale kijiweni Mchinga, kahawa haikumaliza kumiminwa kabla hajaeleza kwamba mpwa wake anasoma na wale wanaotaka kuwa mainjinia. Watu wakaitikia masha-Allah, yeye akaongezewa kikombe. Kisha likizo ilipokaribia, Mwanasha akapiga simu tena.

"Kaka, Hafsa anasema anaacha shule."

"Anaacha nini?"

"Shule. Anasema akifunga muhula harudi tena. Anataka nimtafutie fundi akajifunze cherehani. Siku za tuisheni hali kitu, anasema tumbo. Mimi nimeongea hadi nimechoka, njoo umsikie mwenyewe."

Majid hakumaliza hata kufua nazi zilizobaki. Kesho yake asubuhi alikuwa Rasbura, amekaa kwenye mkeka wa dada yake, na Hafsa mbele yake ameinamisha kichwa.

"Umechokozwa na mtu?"

"Hapana, mjomba."

"Mwalimu anakupiga?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Kichwa changu hakiwezi," alisema Hafsa. "Sio hesabu tu. Nimegundua mimi ni mjinga. Bora nijue mapema nisiwapotezee muda."

Alilisema taratibu, bila machozi, na hilo ndilo lililomtisha Majid. Mtoto akilia, kuna la kumbembeleza. Huyu alikuwa ameshalia peke yake, akamaliza, akakata shauri. Majid alikumbuka mtoto huyo alivyokuwa anauliza mambo alipokuwa mdogo, kwa nini maji ya bahari hayaishi, kwa nini popo analala miguu juu, hadi bibi yake akamfukuza jikoni. Aliumia moyo. Na kwa kuwa yeye akiumia moyo hutafuta wa kugombana naye, aliinuka, akavaa viatu na kwenda kwa mwalimu.

Njiani alishapanga maneno yote. Mwalimu mwenyewe hana uzoefu. Hafsa atahamishwa, atatafutiwa tuisheni kubwa zaidi, hata ile ya Dar es Salaam inayofundishwa kwa simu, yenye mambo magumu ambayo huyu wa uani hayajui. Alifika amefura.

"Umemfanya nini mtoto wangu, mwalimu?"

Rosemary alimpa kiti kwanza. Alimwachia aseme yote, na Majid alikuwa nayo mengi. Alipoishiwa pumzi, mwalimu akasema, "Mzee, lile jaribio ulilolikataa, nilimpa Hafsa wiki iliyopita. Nilimpa tukiwa wawili tu."

"Enhe?"

"Swali la kwanza ni kujumlisha sehemu. Hakuliweza. Namba hasi, hakuziweza. Hayo ni mambo ya shule ya msingi na Kidato cha Kwanza. Mimi huku namwandikia milinganyo mirefu ubaoni, yeye ananakili. Anaandika vizuri kweli, mzee, mwandiko wa kupendeza, lakini hajui anachokiandika. Mtu asiyejua kujumlisha sehemu ukimpa hayo ni sawa na kumsomea gazeti la Kichina."

"Kwa hiyo ni mjinga?" Majid aliuliza, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Si mjinga hata kidogo. Nilimwelekeza namba hasi kwa muda mfupi, akazishika. Ila darasa la tano au la sita kuna mahali aliachwa, na tangu hapo kila mtu amekuwa akijenga juu ya shimo. Tuisheni ya kumfaa si ngumu kuliko hii. Ni ile inayorudi pale alipoachwa. Na mimi nina kosa langu. Siku ile ningekukatalia. Nilikuonea haya, mzee wangu. Ulishasema mbele za watu."

Majid aliinuka, akaaga. Jasho lilimtoka. Alirudi kwa dada yake kwa njia ya nyuma ili asikutane na mtu wa kumsalimia.

Hafsa alikuwa uani anaosha vyombo. Majid akavuta kibao cha mbuzi, akakikalia.

"Kwa nini hukuniambia kwamba hujui?"

Hafsa aliendelea kusugua sufuria.

"Hafsa."

"Ningesemaje, mjomba?" alisema. "Wewe ulishawaambia watu kwamba najua. Mwalimu alikuwepo, wazazi walikuwepo. Ningesimama mimi niseme mjomba wangu mwongo?"

Basi. Hayo tu. Majid ameshatukanwa na wachuuzi, ameshasemwa na mawakala wa mizigo, na hakuna aliyewahi kumwambia neno likamwingia kama lile, tena bila kutukanwa. Mtoto alikuwa amebeba uongo wake muhula mzima, kila Jumatatu na Alhamisi na Jumamosi, ili yeye aendelee kunywa kahawa yake kwa heshima. Aliona haya, akaona uchungu, na juu ya yote akaona jinsi msichana huyo anavyompenda.

"Mwongo ni mimi," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Leo ni Jumamosi, kundi la misingi lipo saa kumi. Twende."

Hafsa aliacha sufuria. "La misingi? Siendi."

"Kwa nini?"

"Humo kuna watoto, mjomba. Kuna Kibibi!"

Sasa hapa lazima tumwelewe Hafsa. Kibibi ni mtoto wa jirani, wa darasa la sita. Desemba iliyopita alitoka unyagoni, na Hafsa alikuwa miongoni mwa wasichana wakubwa waliomtoa, waliomwimbia na kumwonyesha namna ya kuwasalimia wakubwa. Tangu siku hiyo Kibibi akikutana naye njiani humpigia goti na kumwamkia. Msichana aliyekwisha kuchezwa ngoma zamani, na kumcheza mwenzake, ataketi naye benchi moja aonekane naye hajui? Si jambo dogo kwa watu wa kule, na Majid alilijua vizuri kuliko anayesoma hapa.

Hakubishana. "Nisindikize tu hadi mlangoni," alisema.

Walipofika, watoto walikuwa wameshakaa, wa darasa la sita na la saba na wachache wa Kidato cha Kwanza. Kibibi alikuwa benchi la mbele. Alipomwona Hafsa aliinuka, akapiga goti. "Shikamoo, dada." Hafsa aliitikia kwa sauti ndogo, akaganda mlangoni. Mguu mmoja ulikuwa tayari unageuka.

Majid akavua viatu. Akaingia, akawapita watoto akisema samahani samahani, akaketi benchi la pili, magoti yamepanda hadi kifuani. Darasa zima likageuka kumtazama.

"Endelea, mwalimu," alisema. "Mimi niliishia la saba, na la saba lenyewe nilifukuzwa kwa utoro. Nimekuja kusoma."

Rosemary alikaza midomo asicheke. Aliandika ubaoni: nusu, jumlisha theluthi. "Nani atajaribu?"

Majid alinyoosha mkono. Ukimjua, hutashangaa.

"Moja na moja, mbili," alisema kwa kujiamini kwake kote. "Mbili na tatu, tano. Mbili juu ya tano!"

Watoto wakaangua kicheko. Kibibi ndiye aliyegeuka, kwa adabu zote. "Babu, mbili juu ya tano haifiki nusu. Sasa wewe ulikuwa na nusu, ukaongezewa, halafu ikapungua?"

Majid akaitazama mikono yake kana kwamba ameshika vipande vya nazi. Ilikuwa kweli kabisa. Uso ulimwaka moto hadi masikioni. Alihisi watoto wote wanamtazama, na akaelewa, kwa mara ya kwanza, ni kitu gani alichokuwa amemkalisha mpwa wake nacho muhula mzima. Alitamani kutoka. Hakutoka.

"Hapo nimekosea," alisema. "Mwalimu, nieleze tena. Sikuelewa."

Kisha benchi likatikisika pembeni yake.

"Sogea, mjomba," alisema Hafsa.

Alikuwa ameketi. Alikuwa ametoa kalamu, na hakumtazama mtu. Kisha akanyoosha mkono wake, juu kabisa.

"Mwalimu, hata mimi kwenye jaribio niliandika mbili juu ya tano. Kwa nini zile za chini hatuzijumlishi?"

"Swali zuri," alisema Rosemary, na akavuta kiti karibu na ubao. "Hilo ndilo tutakaloanza nalo."

Akachora mkate, akaukata nusu, akachora mwingine akaukata vipande vitatu. Kipande cha huku hakilingani na cha kule, utavihesabuje pamoja? Lazima kwanza vikatwe vilingane. Hafsa aliuliza tena. Akauliza mara ya tatu, na hakuna aliyemcheka, maana watoto wengine walikuwa na swali hilo hilo. Majid naye aliuliza, kuhusu mkate, kuhusu kisu, kuhusu mtu mwenye mikate miwili na wageni saba, hadi mwalimu akamwomba kwa upole awaachie na wenzake nafasi. Mwishoni Hafsa alisimama ubaoni, chaki mkononi, akaandika tano juu ya sita, akarudi nyuma hatua moja kuiangalia.

Darasa lilipotoka, watoto walikimbia. Majid alikuwa bado anatafuta kiatu chake kimoja, mgongo unamuuma kwa lile benchi, wakati Hafsa alipokuja kusimama mbele yake.

"Mjomba, Jumatatu usije."

"Nisije?"

"Unauliza sana. Hatukumaliza hata maswali mawili. Jumatatu nitakuja mwenyewe na Kibibi."

Siku nyingine Majid angekuwa na jibu refu la mtu aliyefukuzwa shule mara ya pili maishani. Lakini hakuwa amesikia habari ya kuuliza sana, wala ya maswali mawili. Alikuwa amesikia Jumatatu. Aliinama tena kutafuta kiatu kilichokuwa tayari mguuni, ili mtoto asimwone machozi.