Nzi wa Banda la Marashi

Joto la Januari lilipokolea Mlingotini, nzi walilivamia banda la farasi wa hoteli. Hajra, aliyewatunza farasi wale sita kwa miaka tisa, aliwaona wakimganda Marashi machoni mpaka yule jike mweupe akaacha kula, kutwa anatikisa kichwa na kupiga kwato.

Siku ya tatu meneja, Teddy, aliingia na bomba la kupulizia dawa.

"Dada Hajra, leo tunapulizia. Nzi wenyewe wanatoka kwa akina mama wa dagaa, hapo nyuma ya ua. Nitawaambia wahamishe chanja zao za kuanikia."

"Hupulizi," Hajra alisema. "Upepo wote unaelekea kwenye chanja. Utawalisha watu sumu. Tena dagaa wa jua hili hukauka kutwa moja, nzi hawana pa kuzalia. Wanazaliwa humu humu. Nipe wiki mbili."

Teddy alimtazama, akaliweka bomba chini. "Mbili tu."

Hajra alichukua beleshi, akaanza na lundo la samadi. Alikuwa na hakika nalo, lakini alipolifukua akakuta funza wachache tu. Akarudi bandani, akawa anapiga sakafu kwa kisigino, chumba baada ya chumba. Kwa Marashi kisigino kilizama. Koki ya nyuma ya ukuta ilikuwa inavuja, maji yanapenya chini kwa chini. Alipofunua maranda ya mbao aliyomtandikia, akakuta funza wanafurukuta kama wali unaochemka.

Uso ulimwiva. Chumba kile alikifagia mwenyewe kila asubuhi. Hata hivyo hakuficha. Alimwita Teddy palepale.

"Kosa langu hili. Nilikuwa natandika makavu juu ya mabichi. Sasa nimepajua, nitapamaliza."

Akapamaliza kweli. Koki ikatengenezwa. Alichimba udongo wote uliooza, akajaza kokoto na mchanga, akanyunyiza chokaa, akapaacha pakauke siku tatu kabla ya kumrudisha Marashi. Samadi ikawa hailali bandani: kila kukicha aliisukuma kwa toroli mpaka kwenye bustani ya mchicha, akaifunika kwa nailoni ili joto liwaue funza.

Njia ya bustani ilipita kwenye chanja. Bi Batuli, mkubwa wa akina mama wale, alikuwa amekwisha sikia habari ya kuhamishwa.

"Shikamoo, Bi Batuli."

"Marahaba. Umetumwa kutufukuza?"

"Nani akufukuze! Nzi ni wetu, nami nawamaliza. Ila farasi wangu macho yanamuuma sasa hivi."

Bi Batuli alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Alifikiri kidogo, akauliza paji la farasi lina upana gani. Kesho yake alimpa Hajra utepe wa ukili wenye nyuzi za ukindu zilizoning'inia kama pazia. Marashi alipofungwa utepe ule kwenye paji, kila akitikisa kichwa nyuzi ziliwapangusa nzi machoni.

Wiki ya pili ilipokwisha, nzi hawakuwa wamekwisha wote, na Hajra hakuwahi kuahidi hivyo. Lakini Marashi alikula pumba mpaka akalamba hori, na wageni wakampanda hadi ufukweni.

Teddy alikwenda mwenyewe kwenye chanja.

"Shikamoo, mama. Nilikusudia kuwahamisha bila hata kuuliza. Mniwie radhi."

Bi Batuli aliendelea kugeuza dagaa, kisha akainua uso.

"Marahaba. Farasi waliobaki ni wangapi?"

"Watano."

"Basi niletee vipimo vya mapaji yao."