Kilomita Nne za Akiba

Kila aliyekiona kigari cha Evelio Barroso aliuliza swali lile lile: kwa chaji moja kinafika wapi? Evelio alijibu "kilomita mia" bila kupepesa macho, maana mtu aliyeng'oa injini ya petroli kwa mikono yake, akapachika mota na betri za pikipiki za umeme zilizochakaa, ana haki ya kujisifu kidogo. Kwenye daftari lake hakuwahi kuandika mia. Daftari lilisema sabini na mbili.

Kwenda hospitali na kurudi ni sitini na nane.

Figo za mkewe, Zoraida, zilikuwa zimegoma. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilibidi aunganishwe kwenye mashine saa nne nzima, damu isafishwe na maji yaliyojaa mwilini yatolewe. Petroli ilikuwa imeadimika Kuba nzima, na gari la wagonjwa halikuonekana tena kijijini Tres Ceibas tangu Februari. Basi Evelio, fundi umeme wa kiwanda cha sukari kilichofungwa, akajenga kigari hicho kwa kazi moja tu, kumfikisha mkewe na kumrudisha. Zilibaki kilomita nne za akiba.

Hizo nne alizilinda kama mboni ya jicho. Aliendesha mwendo wa arobaini, vioo juu, jasho likiwatiririka, kwa sababu dirisha wazi hula umeme. Alitoa tairi la akiba, jeki, hata kiti cha nyuma. Kiti kina kilo kumi na nne, alisema, na hakusema uongo. Ila kulikuwa na jingine. Barabara ile imejaa watu wanaonyoosha mikono kuomba lifti, na mwenye nafasi asiyesimama hahesabiwi kuwa mtu. Bila kiti, Evelio alijipatia kisingizio.

Watu hawakukipokea. "Hata sakafu unatunyima, mchoyo wewe?" walimpigia kelele. "Utazikwa nalo hilo!"

"Mzee, wanakutukana mpaka naona aibu mimi," alisema Zoraida.

"Waache. Matusi hayana uzito."

Ijumaa ile upepo wa mashariki uliwakabili, kama ilivyo kila wanapokwenda, na mita ya betri ilishuka haraka kuliko alivyopenda. Wakati wa kurudi upepo huohuo huwasukuma. Alilijua hilo, alikwisha kuliandika mara sitini. Hofu haisomi daftari. Walipofika njia panda, kilomita kumi na nne kabla ya mji, mwanamke mwenye sare nyeupe, uso umefichwa na mwavuli, alinyoosha mkono.

"Simama. Huyo ni mtu wa hospitali."

"Barabara hii kila mtu ni wa hospitali."

"Evelio! Amevaa sare!"

"Mtu mmoja ananila kilomita tatu. Zikiisha, utatembea kwa miguu hiyo?" Miguu ya Zoraida ilikuwa imevimba hadi viatu havifungiki. "Akiba haiozi, mama."

Akapita, macho kwenye mita.

Hospitalini waliwakuta wagonjwa watano benchini na mlango wa chumba cha mashine umefungwa. Mlinzi akasema wanamngoja muuguzi Yusimí. Mwenzake alihama nchi mwezi uliopita, kwa hiyo ufunguo na ujuzi wa mashine vyote alikuwa navyo yeye.

"Anakaa wapi?" Evelio aliuliza.

"Njia panda. Basi la wafanyakazi halina mafuta leo."

Kumfuata na kumleta ni kilomita ishirini na nane, na baada ya hapo hawangefika nyumbani. Evelio alisimama na ufunguo wa gari mkononi, akauzungusha, akaurudisha mfukoni.

"Atapata lifti tu," alisema.

"Kama ile uliyompa wewe?" Zoraida akamgeuzia mgongo.

Yusimí alifika saa tano, juu ya tela la trekta, sare imegeuka rangi ya udongo. Umeme hukatwa saa saba, na jenereta lilikuwa la chumba cha upasuaji peke yake. Wagonjwa sita wakaunganishwa kwa pamoja, kila mmoja na mashine yake, kwa saa moja na nusu badala ya nne.

Alipokuwa akimfunga Zoraida mkono, Yusimí alisema kwa upole, bila kuinua kichwa, "Kuna gari lilinipita asubuhi, mzee. Halikuwa na mlio. Mkoa huu gari lisilo na mlio ni moja."

Evelio alitamani atukanwe. Yusimí akachoma sindano taratibu, asimuumize mgonjwa, akaenda kwa anayefuata.

Zoraida aliingia na kilo hamsini na tano. Siku zote hutoka na hamsini na mbili. Leo mizani ilisema hamsini na nne, na mbele yao zilikuwa Jumamosi na Jumapili.

Walirudi, upepo mgongoni. Kigari kilipoingia uani Zoraida hakushuka. Alikuwa akihema kama aliyepanda mlima.

"Zimebaki ngapi?"

Evelio alitazama mita. "Nne."

"Na Yusimí angekula ngapi?"

Zile tatu zilikuwa za mtu aliyebebwa safari nzima, kwenda na kurudi. Alikwisha kuzipima mwezi Machi, kwa magunia mawili ya mchanga yenye uzito wa mtu. Kutoka njia panda hadi hospitali, jibu lilikuwemo daftarini tangu siku ile.

"Nusu," alisema. "Haifiki hata moja."

"Akiba haiozi," alisema Zoraida, akaomba ashikwe mkono ashuke.

Jumapili umeme haukukatika hata dakika moja. Betri zilijaa pomoni. Zoraida aliketi kitandani, mito mitatu mgongoni kwa kuwa kulala chali kulimziba pumzi, na mlango wa chumba cha mashine ulikuwa umefungwa mpaka Jumatatu.

"Kesho ukimkuta njiani, simama," alisema.

"Nitasimama."

"Hata nikiwa simo."

Evelio alitoka nje hadi uani, akachukua kiti cha nyuma, akaanza kukirudisha mahali pake.