Somo la Kurudi Nyumbani

Mume wangu, Mwalimu Kuramochi, hufundisha wageni Kijapani hapa Nagoya. Jana alisahau chakula chake, nikampelekea darasani. Hata asante hakusema. Alininyooshea kidole nikakae nyuma. Wanafunzi wakasimama, wakainama, naye akawakemea kwamba wameinama kama kuku wanaodonoa.

“Ukiingia nyumbani,” akatangaza, “unasema: nimerudi. Mkeo anakujibu: karibu nyumbani. Huo ndio ustaarabu wetu.”

Mtu huyu, mwaka wa thelathini na moja sasa, akishavua viatu mlangoni husema, “Maji ya kuoga.” Akishaoga, “Chakula.” Basi.

Thuy, binti wa Kivietnam, akanigeukia kwa adabu. “Mama, tunaomba tusikie unavyomjibu.”

“Samahani, mwanangu,” nikasema. “Salamu hiyo na mimi ndiyo kwanza naisikia leo.”