Hosteli ya Kwenye Bango

Kila asubuhi saa moja na nusu, mfagizi wa lango kuu, ambaye chuo kizima kilimwita Mama Dekio, alilifuta vumbi bango la hosteli mpya. Bango lilikuwa na mwaka wa sita. Lilionyesha jengo la ghorofa nne, bustani, na watu wenye meno meupe wanaotembea bila haraka. Nyuma yake palikuwa na majani na mawe matatu ya msingi, kila moja na jina la mgeni rasmi wake.

Jumatatu moja alisugua mlango uliochorwa, ukafunguka. Akachungulia, akaona korido safi, akaenda kumwita bintiye.

Binti alikuwa mwaka wa pili, akilala juu ya meza katika ukumbi wa mihadhara. Mlinzi alikwishamwandika mara mbili kwenye daftari la makosa. Mara ya tatu ni kufukuzwa chuo.

"Kuna vitanda?" binti aliuliza.

"Kila chumba kimoja. Ila bomba hamna, mchoraji hakuchora."

"Ndoo nitabeba, mama. Hilo si geni."

Akachagua ghorofa ya tatu, penye upepo. Wiki haijaisha, wenzake arobaini wakawa wamehamia, na umbea ukashika kasi kama hosteli yoyote: nani kamaliza sabuni ya nani, nani kamwingiza nani kwa mlango wa nyuma. Mlinzi naye akahamishiwa bangoni na daftari lake.

Ofisa wa miradi, aliyeitwa Bwana Ramani, alikuja akatazama nguo zilizoanikwa madirishani, akawaandikia wafadhili kwamba hosteli imekamilika na imejaa. Wafadhili wakafurahi, wakaahidi maktaba. Likaletwa bango jipya limekunjwa, pamoja na gundi na ngazi.

"Bosi, usibandike juu ya hili," Mama Dekio alisema. "Mwanangu yumo."

"Nguzo ni hizihizi, mama yangu. Nyingine hatukuomba."

"Sasa yeye atatokea wapi?"

"Kwani alikuja chuo kulala? Tunamhamishia maktaba. Wenzake wanaililia nafasi hiyo."

Mafundi walibandika kuanzia juu, wakilainisha viputo kwa kiganja. Kiputo kimoja kilipiga chafya, wakakilainisha taratibu zaidi. Ijumaa likawekwa jiwe la nne. Mgeni rasmi alipopigwa picha, wanafunzi walipunga mikono madirishani kama walivyoelekezwa.

Jumamosi asubuhi Mama Dekio alisugua mlango wa maktaba. Bintiye akafungua, shavu lina alama ya ukingo wa meza.

"Umelala?"

"Juu ya meza. Vitanda hawakuchora."

"Na mlinzi?"

"Keshaniandika."

Mama Dekio alikamua kitambaa chake, akakichovya tena, akahamia madirishani. Wafadhili walikuwa wanakuja saa nne, na Bwana Ramani alitaka vioo ving'ae.