Mchanga wa Oktoba

Ofisini Matai, bosi wangu Jafeti alivisukuma pembeni vipimo vyangu vya ufukwe wa Kasanga.

"Pima tena Oktoba, ziwa likishashuka. Ufukwe utaonekana mpana, malori yaendelee kuchota mchanga."

"Vipimo vya mwaka jana ni vya Aprili, bosi. Aprili hulinganishwa na Aprili."

"Violeth, mdogo wangu, chuo kimeisha."

Kule Kasanga maji yamekaribia mlango wa mama Cornelia, anayelala na wajukuu ndani. Jafeti anaijua nyumba hiyo; amekula samaki pale, akashiba.

"Basi kapime mwenyewe, uweke na jina lako," nilimwambia.

Nikachukua vipimo vyangu, nikapanda gari la Kasanga kuwaeleza mama Cornelia na jirani zake nani anaula ufukwe wao.