Machicha ya Pasaka

Maksai wa kwanza aliangukia miguu ya nyuma, kama mtu aliyeondolewa kiti ghafla, na mdomo wake haukuacha kutafuna. Hakulia. Alibaki ameketi kwenye tope la zizi la saba, masikio yamesimama, macho maangavu, ute wa mtama ukimchuruzika kidevuni. Na Gustave alipomsogezea karai la chakula, alilimaliza mpaka chini. Hilo ndilo lililomtisha Jelimo kuliko mengine yote. Mnyama mgonjwa husaza. Huyu alikuwa na hamu ya mlo kama wa shereheni, ila kuinuka hakuweza.

"Anakula muzuri, Madame," Gustave alisema. "Ni miguu ndiyo inamukataa."

Jelimo alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Nandi, msomi wa lishe ya mifugo. Kila asubuhi alitoka kwake Bezuidenhout Valley, akampitia Gustave kwenye roboti, zile taa za barabarani za Troyeville, kisha wakaiacha Johannesburg nyuma yao kwa mwendo wa saa nzima kuelekea mashariki, hadi shamba la Lourens. Huko ng'ombe zaidi ya elfu moja walinenepeshwa kwa nafaka kabla ya kupelekwa machinjioni. Jelimo ndiye aliyepanga wale nini na kwa kipimo gani. Gustave, Mkongomani wa Masisi aliyekuwa amevuka hamsini, ndiye aliyeuchanganya mlo huo na kuumwaga horini. Alikuwa amechunga ng'ombe tangu alipojua kutembea. Kwa miaka sita alilinda mlango wa duka la vitambaa pale Yeoville, na siku alipopata kazi ya kurudi kunuka samadi, mkewe Agnès alisema mumewe amerudi kuwa mtu.

Tangu mwaka 2015 mvua ilikuwa imeipa nchi kisogo. Mahindi yalikauka yakiwa hayajazaa, na yale machache yaliyopatikana yaligombewa na watu na wanyama. Jelimo ndiye aliyeleta wazo la machicha: masalia ya mtama uliooteshwa, ukasagwa, ukachemshwa na kukamuliwa pombe, ambayo kiwanda kimoja cha pombe ya kienyeji kilikuwa kikitafuta pa kuyatupa. Yalifika kwa lori yakiwa bado na uvuguvugu, yananukia kama mkate uliotoka tanuri. Ng'ombe waliyapenda tangu siku ya kwanza. Baada ya miezi mitano ngozi zao ziling'aa, migongo ikajaa, na Lourens akaanza kumtambulisha Jelimo kwa wageni kama mtu aliyeliokoa shamba la baba yake. Jelimo alijifanya hasikii, lakini sifa hiyo aliibeba mpaka nyumbani kwa uangalifu, kama abebaye yai.

Halafu ikaja Pasaka. Kiwanda kilikuwa kinafungwa kwa siku nne, Jelimo akaagiza malori mawili kwa mkupuo. Shimo la kuhifadhia lilitosha lori moja tu. Shehena ya pili ilirundikwa kwenye sakafu ya saruji na kufunikwa turubai lisilofika chini. Waliporejea Jumanne, rundo lilikuwa linafuka joto ndani kwa ndani, na mgongo wake wote ulikuwa umeota kuvu ya kijani kilichofifia, laini kama manyoya ya kifaranga. Gustave aliuliza kwa macho kwanza, kisha kwa mdomo. Jelimo alilitazama rundo, akayatazama mahori matupu, akawasikia ng'ombe wakilia njaa mazizini. Alimwambia akwangue tabaka la juu, kina cha kiganja, alitupe; ya ndani ni mazima. Gustave alichukua koleo lake, akafanya alivyoambiwa. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeona.

Sasa wiki mbili zilikuwa zimepita, na kufikia adhuhuri ng'ombe wengine watatu walikuwa chini. Waliosimama walionekana salama mpaka walipoendeshwa hatua chache. Hapo mapaja yalianza kutetemeka, kwato zikapinda, wakatembea kama wanaokanyaga makaa. Daktari wa mifugo aliitwa. Alizunguka mazizi, akapima, akanusa, akasema dalili zinafanana sana na sumu ya mizoga, kwani katika ukame ng'ombe hutafuna hata mifupa, na sumu hiyo huilegeza miguu hivyo hivyo. Kisha akauliza kama chakula kilikuwa kimeharibika kwa namna yoyote.

Lourens hakumgeukia Jelimo. Alimgeukia Gustave, akamuuliza ni nani aliyekuwa na dhamana ya kufunika lile rundo.

Kibali cha Jelimo cha kufanya kazi nchini kiliandikwa kwa jina la shamba hili. Kazi ikikatika, nacho kimekatika. Akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema, kwa utulivu wa kitaalamu, kwamba atapitia kumbukumbu za ulishaji kisha atatoa jibu. Haukuwa uongo. Kilikuwa kitu kibaya zaidi, kwa kuwa kilifanana na ukweli. Daktari aliridhika. Alichukua sampuli ambazo majibu yake yangehitaji siku nane, akaahidi kurudi kesho na chanjo, na akasema kwa sasa haoni sababu ya kubadili mlo.

Jelimo na Gustave walianza safari ya kurudi mjini. Jelimo aliliendesha gari kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni, akichelea hata kukohoa. Alingoja aulizwe, na kadiri alivyokosa kuulizwa ndivyo alivyozidi kujitetea moyoni: huenda kweli ni mizoga, huenda daktari anajua, huenda siku nane si nyingi. Iko methali kuhusu mwenye kuficha maradhi. Ilimjia ulimini, akaimeza.

Walipofika kwenye roboti ya Troyeville, Gustave alifungua mlango, ila hakushuka.

"Lourens ameniambia nimalize wiki," alisema. "Kisha nisirudi."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemujibu sawa."

"Papa Gustave, mbona hukumwambia kwamba mimi ndiye niliyekuagiza?"

Gustave alilitazama koti lake la kazi, akalikung'uta punje zilizoganda begani. Hapakuwa na hasira usoni pake, na ingekuwa nafuu kama ingekuwapo.

"Neno ilikuwa ya kwako, Madame," alisema. "Mimi siwezi kuitoa mahali yako."

Akashuka, akavuka barabara, akapanda kilima kuelekea Yeoville bila kugeuka.

Jioni ile Jelimo hakupika. Alitoa kitabu chake cha chuo kilichokuwa kimelala chini ya vingine, akakisoma akiwa amesimama, mkoba ungali begani. Ukurasa aliujua ulipo. Ndiyo maana hakuwa amekifungua mchana kutwa. Kilieleza kuhusu kuvu inayoota kwenye nafaka iliyochipuzwa kwa ajili ya pombe, na ng'ombe wanaokula vizuri ilhali miguu yao inakufa. Ilitosha mistari minne. Akakifunga, akaketi kando ya meza, akawaza juu ya mazizi manne yaliyolishwa kutoka rundo lile, ng'ombe mia tatu na ishirini. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wangemwagiwa tena, na wangeinamisha vichwa na kushukuru kwa namna ile ng'ombe wanavyoshukuru, kwa kula.

Asubuhi alimkuta Gustave palepale kwenye roboti. Walisalimiana. Hakumweleza alichokusudia, kwani hakuwa na hakika kwamba angekitenda.

Lourens alikuwa tayari mazizini, na tela la chakula limesimama kwenye kichwa cha hori, limejaa. Jelimo alimwendea kabla ya kufunga mlango wa gari.

"Usiwape," alisema. "Si mizoga. Ni machicha. Yaliota kuvu wakati wa Pasaka, nikaiona. Gustave aliniuliza, nikamwamuru akwangue ya juu na kuwalisha yaliyobaki. Yeye alitii tu."

Lourens aliwatazama ng'ombe, si yeye. "Uliiona kwa macho yako?"

"Niliiona kwa macho yangu."

"Na jana daktari aliuliza, ukiwa umesimama hapa."

"Ndiyo."

Lourens alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu alichokidondosha humo, akaivaa tena. Aliamuru tela likamwagwe mbali na rundo lote lizikwe. Kisha akasema kwamba siku ya Ijumaa, baada ya kuzungumza na ndugu zake wanaomiliki shamba pamoja naye, atapiga simu kuwaambia wote wawili alichoamua. Akaenda zake nyumbani, mabega yameshuka kama ya mtu mzee.

Dawa haikuwapo. Daktari alisema wasiwatembeze, wawape maji na nyasi kavu, wawageuze wale walioanguka ili ubavu mmoja usioze, na wangoje. Walianguka kumi na tisa kwa jumla. Sita walikufa kabla ya Ijumaa, kila mmoja akiwa na chakula mdomoni. Jelimo aliacha kuingia ofisini. Gustave alimfundisha kupitisha kamba chini ya paja, kuweka bega kwenye nyonga ya mnyama na kusukuma kwa pumzi badala ya mikono. Katika maisha yake ya kazi Jelimo alikuwa amewajua ng'ombe kwa uzito na kwa namba za masikio. Sasa walimpumulia shingoni, moto na taratibu. Hofu haikumwondoka. Ilihama tu, ikashuka mikononi, ambako angalau ilipata la kufanya.

Ijumaa, jua likiwa limeanza kuegemea, walimjaribu mmoja aliyekuwa chini tangu Jumatano. Miguu ya mbele ilinyooka. Gustave akaingia upande mmoja wa nyonga, Jelimo upande wa pili, na mwili ule mkubwa ukapanda, ukasita, ukawalalia mabegani.

Simu ikaanza kuita mfukoni mwa Jelimo.

"Pokea, ni Lourens," Gustave alisema, meno yameumana.

"Nikiachia ataanguka."

Gustave akalisogeza bega lake ndani zaidi. Simu ikaita mpaka ikakatika, kisha ikaanza upya. Chini yao mguu wa nyuma ulitetemeka, ukapapasa tope, ukaikosa ardhi, ukapapasa tena.